Mgeni Ashike Kete



Wasomaji wetu watukufu, likizo za shule zikikaribia, kina mama walioko Thika na Ruiru huwa na swali moja: tuwashughulishe na nini watoto katika nyumba za ghorofa ambamo jirani hamjui jirani? Zipo familia za pwani zilizohamia huko kwa ajili ya kazi, na watoto wao walijua bao kwa jina tu. Wapo pia dada zetu waliosilimu karibuni, ambao hukaa kimya pembeni katika vikao vyetu. Juma hili twapendekeza jambo litakalowafaa wote: bao la kete lichezwe kwa vikosi, wawili kila upande, fundi mmoja na mwanagenzi mmoja.

Bao lina mashimo 32 katika safu 4, na kete 64. Pwani tulizoea kutumia komwe. Ruiru maharagwe makavu yatatosha. Wazee wetu hawakumtupa mgeni katika namua na mtaji siku ya kwanza. Waliweka bao la kujifunza, ambalo kete zote hupangwa mbili mbili katika kila shimo tangu mwanzo, wala hakuna za kubaki mkononi. Na tuanzie hapo.

Lakini kuwaketisha fundi na mwanagenzi pamoja hakutoshi. Fundi huona haraka, hukosa subira, na mara mkono wake umekwisha kuchota kete. Mwenziwe hubaki mtazamaji, na juma la pili haji. Ila hii haiko kwetu peke yetu. Mwaka 2008 ulitoka mchezo wa mezani uitwao Pandemic, uliobuniwa na Mmarekani Matt Leacock. Wachezaji wake hawashindani. Wote huungana kupambana na maradhi manne, na hushinda wote au hushindwa wote. Hata humo wachezaji wamelalamika kwamba mjuzi mmoja huwaamrisha wengine, ikawa watu wanne mezani na akili moja tu inayofanya kazi.

Dawa yake ni kanuni chache, na mama msimamizi azitangaze kabla ya mchezo kuanza.

Kwanza, yeye ndiye apange vikosi. Watoto wakiachiwa kuchaguana, mnyonge huchaguliwa wa mwisho, naye hulijua hilo. Mtoto wa Thika awekwe na wa Ruiru, ili familia nazo zijuane. Na waliobaleghe, wavulana wakae kwao na wasichana kwao.

Pili, mkono ni wa mwanagenzi. Fundi hagusi kete.

Tatu, mwanagenzi hutoa rai kwanza. Fundi hujibu kwa swali: "Ukianzia shimo hili, kete ya mwisho itaangukia wapi?" Baada ya kushauriana, uamuzi ni wa mwenye kushika kete, hata kama fundi aona kosa.

Nne, wakishindwa, hakuna lawama. Kila mmoja ataje mchezo mmoja ambao angeucheza vingine. Baada ya mabao matatu, wabadilishane wenzi.

Huenda fundi akauliza: mgeni ana nini cha kunishauri? Tukumbuke mwaka wa 5 Hijria, Madina ilipokabiliwa na Makureshi na washirika wao. Shauri la kuchimba handaki lilitoka kwa Salman al-Farisi, Allah amridhie, mtu wa Uajemi, ambaye utumwa ulikuwa umemzuia kuhudhuria Badr na Uhud. Kwa Waarabu handaki lilikuwa jambo geni vitani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alilikubali shauri hilo, akachimba pamoja na masahaba zake. Mgeni aliona wasiloliona wenyeji kwa sababu alitoka kwingine, na wenyeji walinufaika kwa sababu walimsikiliza. Ndiyo maana ya wahenga waliposema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tuchunge mipaka pia. Kusiwekwe fedha wala kitu cha kushindaniwa, hata soda, kwani maisiri imeharamishwa katika Surat al-Maida, aya ya 90. Adhana ikisikika, kete ziachwe zilivyo, zitangoja.

Kina mama, msiwaachie watoto peke yao. Wekeni bao moja lenu, na dada aliyesilimu juzi mpeni kete mkononi. Ambaye kila siku huambiwa la kufanya, siku hiyo ataulizwa aonavyo. Huenda likawa ndilo neno la kwanza refu kulisema mbele yenu, na baada ya hapo itakuwa rahisi kwake kuwauliza ya Swala, ya ndoa, na ya upweke wake.

Wabillahi tawfiq.