Miembe sita kaburini kwa Mwalimu

Baba alivua kofia mlangoni, akaingia taratibu mpaka lilipo kaburi, akasimama. Nilidhani anasali. Kumbe anahesabu.

"Miembe sita," alisema, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenziwe deni la zamani. "Na kihenge kilikuwa kipya, Mwalimu. Hakikumaliza hata msimu mmoja."

Kijana aliyekuwa akitutembeza akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Tulikuwa Butiama, pale Mwitongo, alikozikwa Julius Nyerere Oktoba 1999 baada ya kufia London. Tulitoka Mwanza alfajiri, basi likapita Magu na Bunda, tukashuka Makutano na kumalizia kwa bodaboda mbili. Baba ana miaka themanini na ushei, lakini teksi aliikataa katakata. Safari hii ameililia miaka mingi. Picha ya Mwalimu iko sebuleni kwake, juu ya picha ya harusi yake mwenyewe, na ole wako umseme Mwalimu vibaya ukiwa umekalia kiti chake.

Ila mwaka 1974 walimbomolea nyumba. Novemba 1973 Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na ikifika mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia. Kwetu Kwimba operesheni ilikuja na lori. Mgambo walipanda juu ya nyumba wakaezua nyasi, mama akiwa bado anatoa vyungu. Miembe haikuweza kupakiwa. Mimi nilizaliwa huko kijijini miaka minne baadaye, jirani na shule ambayo nisingeiona kama baba angebaki kwake porini. Analijua hilo. Hulisema mwenyewe kabla hujamwambia, halafu hurudi kwenye miembe yake.

Tulipotoka nje alimuuliza kijana jina la mahali pale. Aliposikia Mwitongo akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Kwa Kisukuma itongo ni mahame, pale ulipokuwa mji wa watu wakahama. "Kwa hiyo yeye alirudi kwenye itongo lake," alisema. Hakusema kwa uchungu. Alikuwa kama mtu aliyetegua kitendawili. Mwalimu amelala walipoishi wazee wake, karibu na Mtemi Nyerere Burito na Bi Mugaya waliomzaa. Baba naye angependa hivyo hivyo, asiweze.

Viongozi huja hapa na mashada, wanafunzi huja na sare zao, na wengi wakiondoka huondoka na lile neno letu: angekuwepo Mwalimu! Nimekulia chini ya ile picha, kwa hiyo naomba nisikilizwe: neno hilo limetufanya wavivu. Tumempokonya Mwalimu haki ya kukosea, haki aliyojipa mwenyewe. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, aliandika waziwazi kwamba Tanzania haijawa nchi ya kijamaa wala haijajitegemea. Mwaka 1984, akikaribia kung'atuka, alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika kulikuwa kosa. Mtu wa namna hiyo anahitaji walinzi wa sifa wa nini? Kanisa Katoliki, ambalo limekwisha kumwita Mtumishi wa Mungu, lina utaratibu wake, na katika utaratibu huo mashahidi huulizwa mema na mabaya. Sisi wa majukwaani tunataka mtakatifu asiye na mashahidi.

Ningekuwa na uwezo, kila basi la wanafunzi linalokwenda Butiama ningelipandisha mzee mmoja wa mwaka 1974. Asihutubie. Akae nao kiti cha dirishani, wamuulize alilala wapi usiku ule wa kwanza.

Kwenye makumbusho baba alizipita zawadi za wakubwa bila kusimama. Alichokitaka ni kitabu cha wageni. Aliinama juu yake muda mrefu, maana miwani yake ina kioo kimoja kilichopasuka na hataki kingine. Jina aliandika kwa herufi kubwa. Palipotakiwa aandike anakotoka, hakuandika kijiji chetu, chenye shule, zahanati na kituo cha basi. Aliandika jina la mji wake wa zamani.

Kijana alilisoma, akalirudia kwa mashaka. "Shikamoo tena mzee, hapa ni wilaya gani?"

"Marahaba. Kwimba," baba alijibu, akivaa kofia. "Ila usiende, mjukuu wangu. Kuna minyaa tu."