"Mimi nimeambiwa tu": Ofisi ya rasilimali watu inahitaji ujuzi gani leo?

Hivi karibuni, kwenye kipindi chetu cha asubuhi, msikilizaji mmoja alipiga simu kutoka Mbagala. Alikuwa amefanya kazi ya kufungasha bidhaa kiwandani kwa zaidi ya miaka mitatu. Siku moja alifika getini saa moja kasoro asubuhi, mlinzi akamwambia jina lake halipo tena kwenye orodha. Akaomba kuonana na mtu wa rasilimali watu. Alitoka dada mmoja, kijana tu, akamwambia: "Kaka yangu, mimi nimeambiwa tu. Nenda nyumbani, tutakupigia."

Hawakumpigia.

Simu za namna hii si ngeni kwetu. Zinatoka Chang'ombe na Kurasini upande wa Temeke, zinatoka Mikocheni na Tegeta upande wa Kinondoni. Kwa kawaida tunazijadili kama ugomvi wa mwajiri na mfanyakazi. Leo tumtazame mtu wa katikati, yule dada wa getini. Ana cheti, ana meza na ana cheo. Amekosa nini hata akabaki kuwa mpeleka ujumbe?

Kazi imebadilika

Wazee wetu waliofanya kazi kwenye mashirika ya umma wanamkumbuka "afisa utumishi". Alitunza mafaili, aliandika barua za likizo na kupeleka majina kwa mhasibu mwisho wa mwezi. Kazi hiyo bado ipo, lakini siyo yote tena.

Badiliko kubwa lilikuja na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo ilisema wazi kwamba kumwachisha mtu kazi kunahitaji mambo mawili kwa pamoja: sababu halali na utaratibu wa haki. Kimoja bila kingine hakitoshi. Mwajiri anaweza kuwa na sababu nzuri kabisa, tuseme mfanyakazi ameiba, na bado akashindwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa sababu hakumsikiliza kabla ya kumtoa.

Utaratibu wenyewe haujafichwa. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaeleza hatua kwa hatua: uchunguzi ufanyike, tuhuma zielezwe kwa lugha anayoielewa mfanyakazi, apewe muda usiopungua saa 48 kujiandaa, aruhusiwe kusindikizwa na mwenzake au kiongozi wa chama cha wafanyakazi, na kikao kiongozwe na mtu ambaye hakuhusika na mkasa huo. Mlinzi wa geti hayumo kwenye orodha hiyo.

Hesabu ambayo bosi anaielewa

Baada ya kipindi kile tulipokea ujumbe kutoka kwa afisa rasilimali watu wa kampuni nyingine. Aliandika: "Mnatulaumu bure. Bosi akisema mtoe, nikikataa natoka mimi."

Ana hoja. Huyu ni mwajiriwa kama wengine, naye ana kodi ya nyumba na ada za watoto. Kumwambia "kuwa jasiri" hakumsaidii. Kinachoweza kumsaidia ni kuongea lugha ya mwenye mali, yaani hesabu.

Chukua mfanyakazi anayelipwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Sheria ya 2004 ilipotungwa iliweka fidia ya kuachishwa kazi isivyo haki kuwa isiyopungua mshahara wa miezi 12. Hiyo ni shilingi 4,800,000, bila kuhesabu stahiki nyingine wala gharama za wakili. Upande wa pili weka kikao cha nidhamu: barua moja ya tuhuma, siku mbili za kusubiri, saa chache za kusikilizana na muhtasari uliosainiwa. Afisa anayemwekea bosi hesabu hizo mbili mezani, kwa maandishi, kabla ya uamuzi, hajamkatalia. Amemshauri. Na bosi akiamua vinginevyo, ushauri upo kwenye faili.

Lakini ushauri huo unataka mtu anayefuatilia mambo. Marekebisho ya sheria za kazi yaliyopitishwa mwaka 2025 yamegusa pia viwango vya fidia. Anayetegemea noti alizoandika chuoni miaka 10 iliyopita atampa bosi wake namba ambazo huenda zimepitwa na wakati.

Ndivyo ilivyo hata kwa mishahara. Tangu tarehe 1 Januari 2026, kima cha chini cha sekta binafsi kimepanda kutoka wastani wa shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi. Huo ni wastani, kwa maana kila sekta ina kiwango chake. Afisa lazima ajue kiwanda chake kiko kundi gani, na aweze kukokotoa malipo ya kibarua wa siku bila kumpunja wala kumtia mwajiri hasarani.

Karatasi ndiyo shahidi

Ujuzi wa pili hauna mvuto, nao ni kutunza kumbukumbu. Mwaka 2017 uhakiki wa serikali ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Watu hao walipita mahali fulani, mbele ya meza ya mtu fulani, na hawakukaguliwa ipasavyo.

Sekta binafsi ina tatizo lake. Mikataba ya mdomo ni mingi. Wengine husaini karatasi za Kiingereza wasichokijua, kisha karatasi zinafungiwa kabatini. Sheria inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi asiyeelewa masharti anaelezwa kwa namna atakayoelewa. Tena, kesi ikifika mbele ya mwamuzi na mwajiri akashindwa kutoa mkataba au maelezo ya kazi kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye. Kwa hiyo faili lililopotea linaweza kumwangusha mwajiri ambaye alikuwa na haki.

Siku hizi kumbukumbu nyingi ziko kwenye kompyuta na simu, na hapo limeingia jambo jipya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Alama za vidole za mashine ya mahudhurio, majibu ya hospitali na nakala za vitambulisho vya waombaji kazi vyote ni taarifa za watu. Kurusha cheti cha daktari cha mfanyakazi kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, hata kwa nia njema, si jambo dogo tena.

Wapi pa kujifunzia?

Vyuo havipo mbali. Chuo cha Ustawi wa Jamii kiko Kijitonyama, Taasisi ya Uhasibu Tanzania iko Temeke, na Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kiko Kigamboni. Vyote vinafundisha usimamizi wa rasilimali watu. Pengo liko kati ya kujibu mtihani na kuandika barua ya tuhuma inayosimama.

Kwa kijana aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, njia nafuu ni hii. Asome sheria yenyewe na kanuni zake, asiishie kwenye muhtasari. Apitie hukumu za Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ambazo zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, aone waajiri walijikwaa wapi. Kisha ajifunze kukaa na mtu mwenye hasira na kumsikiliza mpaka mwisho. Migogoro mingi inayotufikia redioni ilianza na mtu aliyekosa wa kumsikiliza ofisini.

Na yule msikilizaji wa Mbagala? Alipotupigia ilikuwa siku ya 19 tangu azuiwe getini. Hakujua kwamba mlalamikaji wa kuachishwa kazi ana siku 30 tu za kufungua shauri CMA. Kama dada yule wa getini angemwambia jambo hilo moja, na kumpa barua yenye tarehe, asingepoteza wiki tatu akisubiri simu. Ikiwa yamekukuta kama yake, anza kuhesabu siku zako leo.