MOYO KUSIMAMA SI SABABU YA KIFO



Kila maiti ya binti yetu inaporudi nyumbani kutoka huku Saudia, mabishano ni yale yale. Huyu anatukana Waarabu, yule analaumu mawakala, mwingine anasema ni mipango ya Mungu. Mimi leo nataka tubishane juu ya kitu kimoja tu ambacho hatukigusi: ile karatasi. Nani aliiandika, ana cheti gani, na nani alimlipa achunguze?

Kwa kuwa Kiarabu nakisoma, watu hunitafuta hapa Batha niwasomee karatasi za marehemu wao. Karibu zote zina maneno mawili matatu: moyo umesimama, au kifo cha kawaida. Jamani, kuna maiti gani ambayo moyo wake haujasimama? Aliyeanguka ghorofani umesimama, aliyekunywa sumu umesimama, aliyenyimwa chakula umesimama. Fomu ya Shirika la Afya Duniani inaanza na kilichomuua mtu moja kwa moja, halafu inashuka mstari kwa mstari: hiki kilisababishwa na nini, na hicho nacho na nini, mpaka kifikiwe chanzo. Karatasi zetu zinaishia mstari wa kwanza.

Mwaka 2021 Katibu wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya, Macharia Kamau, alipeleka bungeni hesabu ya Wakenya 89 waliofia Saudia tangu 2020, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani. Sababu iliyotawala ilikuwa hiyo hiyo ya moyo, na wizara yenyewe ikaitilia shaka. Machi 2025 gazeti la New York Times likaandika kwamba Wakenya wasiopungua 274 wamefia huku katika miaka mitano, wengi wanawake, na kwamba zipo maiti zenye majeraha ambazo karatasi zake zinasema kifo cha kawaida.

Na msiniambie walitoka nyumbani wagonjwa. Hakuna anayepata viza ya kazi huku bila kupimwa kwenye vituo vilivyoidhinishwa na nchi za Ghuba, mfumo uliokuwa ukiitwa GAMCA na sasa unaitwa Wafid. Damu, eksirei ya kifua, mimba, ukimwi, homa ya ini. Ukikutwa na kasoro, hufai, rudi kwenu. Maabara ilimchunguza vizuri sana alipokuwa hai, kwa sababu kafili alitaka kujua ananunua nini (neno kali, lakini ndilo). Alipokufa hakuna aliyetaka kujua.

Sasa mchukueni daktari wa patholojia wa Nairobi au Dar es Salaam anayetaka kazi hapa Riyadh au Jeddah. Ana shahada ya udaktari, kisha miaka mitatu au minne ya ubingwa. Tume ya Saudia ya Taaluma za Afya, iliyoanzishwa 1992, itataka vyeti vyake vihakikiwe kwenye chuo chenyewe kilichovitoa, afanye mtihani, ndipo apangiwe daraja. Bima nayo inalipia katika hospitali iliyoidhinishwa tu. Sawa kabisa, naunga mkono. Yaani kipande cha nyama kilichokatwa kwenye titi la mke wa kafili kitasomwa na mtu ambaye chuo chake kimeulizwa. Mfanyakazi wake anatoshwa na sentensi moja, na katika nilizosoma mimi mara nyingi huoni popote kama mwili ulipasuliwa, wala na nani.

Hapo ndipo bima inapoingia. Sheria ya bima ya afya ya Saudia ni ya mwaka 1999, lakini wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje. Julai 2024 ndipo mwajiri mwenye wafanyakazi wa nyumbani zaidi ya wanne alipolazimishwa kuwakatia bima. Zaidi ya wanne! Mabinti wetu wengi wako peke yao ndani ya nyumba. Asiye na bima hapelekwi hospitali mpaka aanguke. Asiyepelekwa hospitali hana faili. Na asiye na faili, daktari anayemkuta amekwisha kufa ataandika nini? Moyo umesimama.

Watakuja wa kusema dini hairuhusu kupasua maiti. Baraza la Wanazuoni Wakubwa la hapa hapa Saudia liliruhusu mwaka 1976, uamuzi namba 47, palipo na shaka ya jinai au maradhi ya kuhatarisha umma. Mlango upo, wa kubisha hodi ni ubalozi.

Na serikali yetu? Kenya iliifunga NHIF ya tangu 1966, ikaanzisha SHA Oktoba 2024, na mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75. Benki Kuu inahesabu fedha tunazotuma kila mwezi. Maiti zetu zinangoja gazeti la Marekani lizihesabu. Sheria ya Korona ilipitishwa 2017, ikakaa kabatini miaka. Familia ikitaka upasuaji wa pili Nairobi, maiti imekaa kwenye friji la mochari miezi, imetiwa dawa ya kuhifadhi inayovuruga vipimo vya sumu. Bingwa hata awe hodari vipi, atasoma nini hapo?

Ninachodai si kikubwa. Ubalozi usipige muhuri wa kusafirisha maiti mpaka karatasi iwe na jina la daktari, namba yake ya usajili kwenye Tume, na kauli kama alipasua au alitazama tu. Najua mazishi yatachelewa, lakini hata sasa yanachelewa, tena bure. Upasuaji wa pili nyumbani ulipwe na mfuko wa umma, familia isipitishe bakuli la harambee. Na mkataba wowote wa kazi za nyumbani uwe na bima, hata mfanyakazi akiwa mmoja.

Anayesema tutaharibu uhusiano na Saudia, aje hapa Batha siku ya Ijumaa, asimame mbele ya mabinti waliopanga foleni kutuma pesa nyumbani, awaambie hivyo kwa mdomo wake.