Hazina Yao, Aibu Yetu

Huko Ulaya wako watu wanaokusanya vitabu vya katuni kama wengine wawekavyo ng'ombe. Mwaka 2021 picha moja ya Mbelgiji Hergé iliuzwa Paris kwa zaidi ya Euro milioni 3. Fedha ni yao. Lakini katika hazina hiyo kimo pia kitabu "Tintin au Congo", na humo tunaochekwa ni sisi. Mwishoni Mkongo anasujudia sanamu za kijana Mzungu Tintin na mbwa wake! Na ni nani aliyeanza kueneza picha hizo mwaka 1930? Gazeti la Kikatoliki la Brussels, lililoongozwa na padri. Basi, Wakatoliki, tusinyamaze.

Wengine husema: “Ni mzaha wa zamani tu.” Sivyo! Hapo kwanza Tintin aliwafundisha watoto wa shule ya misioni kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Mwaka 1946 Hergé mwenyewe akaligeuza somo hilo kuwa la hesabu. Je, mzaha usio na ubaya husahihishwa?

Kitabu kisichomwe moto. Mtoto aelezwe ukweli. Mtu ni sura ya Mungu, si kichekesho. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, amewachora Wakongo kwa heshima. Wazazi wa Mahagi, mtoto wenu akipenda kuchora, msimkemee: mpeni karatasi.