Makumbusho Bila Fundi ni Ghala Tu

Kuna swali moja ambalo yafaa tuliulize kila tusikiapo kwamba mahali fulani pamefunguliwa maonyesho ya sanaa za Kiafrika. Swali lenyewe si "Vimewekwa vitu gani?" Swali ni "Nani anayesema?" Maana kitu kilichochongwa kwa mti hakina mdomo. Kikiwekwa katika kabati la kioo, yule atakayekieleza ndiye atakayekipa maana. Na kama anayekieleza si mwenyewe, basi hata maana itakuwa ya kuazima.

Twasema hayo tukiikumbuka Matombo. Wako watu wanaolichanganya jina hili na Umatumbi wa Kilwa, ambako vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905. Matombo yetu ni nyingine. Iko upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, katika njia ya Mkuyuni kwenda Kisaki, nchi ya ndizi, nanasi na viungo, ambako mashamba yamepanda mlima mpaka mpakani mwa msitu. Huko ndiko kwa Waluguru, watu ambao ardhi yao na ukoo wao hurithiwa upande wa mama.

Waluguru hao, pamoja na jirani zao Wazaramo, Wakwere, Wakutu na Wadoe, wana kitu kinachoitwa mwana hiti. Ni sanamu ndogo ya mti, isiyo na mikono wala miguu, ila ina kiwiliwili, matiti, kitovu, na kichwa chenye mtindo wa nywele uliogawanyika kati. Mwali akiwekwa ndani hupewa mwana hiti amtunze: amwoge, ampake mafuta, amsuke, kama atakavyomtunza mtoto wake siku za mbele. Umbo hilo hilo utalikuta juu ya fimbo za wakubwa, juu ya nguzo za makaburi, na katika migongo ya viti vya enzi. Kwa hiyo si mdoli wa kuchezea, wala si "mungu wa mti" kama walivyodhani wageni wa zamani. Ni somo zima la uzazi na ukoo lililotiwa ndani ya kipande cha mti.

Sasa tazameni kitu hicho kimefika wapi. Mwaka 1994 michongo ya Tanzania ilikusanywa ikaonyeshwa Berlin na Munich, katika nchi ya Ujerumani. Mwaka 2013 ikaonyeshwa New York, na maonyesho hayo yakapewa jina kwa neno letu wenyewe la Kiswahili: Shangaa. Watu wakaja, wakatazama, wakashangaa kweli. Sisi hatuoni vibaya kazi za mababu zetu kusifiwa. Lakini kisome kibandiko kilicho chini ya michongo ya namna hii katika majumba mengi ya Ulaya na Marekani. Utakuta jina la kabila, urefu wa kitu kwa sentimita, na pengine jina la bwana aliyekinunua au kukichukua. Jina la fundi aliyekichonga, mara nyingi halipo. Jina la mama aliyemkabidhi mwali kitu hicho ndilo halipo kabisa. Mnunuzi amekuwa mtu, na mchongaji amekuwa kabila.

Wengine watasema kwamba fundi wa Kiafrika hakujali jina. Hayo si kweli. Kijijini kila mtu alijua kiti kile ni kazi ya mkono wa nani. Jina lilipotea pale kitu kilipoondoka kijijini. Tena tazameni Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora Dar es Salaam kwenye mwaka 1968, akafa mwaka 1972, muda wa miaka minne hivi tu. Lakini kwa kuwa watu walimjua, wakajifunza kwake na kulitaja jina lake, leo michoro ya mamia ya watu wengine inaitwa kwa jina hilo duniani kote. Mchoraji mmoja aliyetajwa amefungua njia kwa wengi. Je, wachongaji wa Uluguru wasiotajwa wamemfungulia nani njia?

Basi, jambo tunalolidai ni jepesi kusema. Maonyesho ya sanaa za watu wa Morogoro yafanywe Morogoro, tena yafike Matombo. Na mwenye kazi awepo, akae mbele ya watu, aseme kwa mdomo wake. Aeleze ametumia mti gani na kwa nini, tezo aliishika namna gani, nani alimwagiza, alilipwa nini, na sehemu ipi ilimshinda akairudia. Watu wamwulize, naye ajibu. Pale ndipo maonyesho yanakuwa shule. Bila hivyo, jumba lolote, hata likiwa na marumaru na taa za umeme, ni ghala la vitu tu.

Tujihesabu wenyewe. Makumbusho ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1940, ikiwa na jina la mfalme wa Uingereza. Baada ya Uhuru tumeifanya yetu, na vituo vimeongezeka: Kijiji cha Makumbusho hapo Dar es Salaam, Azimio la Arusha, Butiama kwa Mwalimu, na Songea kwa mashujaa wa Maji Maji. Katika hesabu hiyo ya Dar es Salaam, Arusha, Butiama na Songea, Morogoro haimo. Huu ndio mji ambao redio ilieneza sauti yake Afrika Mashariki nzima kwa magitaa ya Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe. Muziki wake umesikika. Kazi ya mikono ya watu wake haijawekewa mahali pa kuonekana.

Wala asitokee mtu kutuambia kwamba mambo haya ni ya miji mikubwa. Bujora, karibu na Mwanza, Wasukuma wana makumbusho yao tangu miaka ya sitini, yaliyoanzishwa na padri David Clement pamoja na wazee wa Kisukuma. Marangu, katika mlima Kilimanjaro, Elimo Njau alifungua nyumba ya sanaa mwaka 1964, akawaonyesha wakulima wa kahawa michoro ya Waafrika wenzao. Iringa, boma la Wajerumani limegeuzwa kuwa makumbusho ya mkoa mwaka 2016. Na huko Songea, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuja katika makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa waliouawa. Hakusubiri waende Berlin. Alikuja mahali ambapo makaburi yako na wenyewe wako. Hiyo ndiyo nguvu ya makumbusho ya mkoani.

Sasa, kama Matombo ingepata maonyesho yake ya kwanza, ingeonyesha nini? Sisi tungesema: pamoja na michongo, ionyeshe matuta.

Vijana wengi hawajui. Kwenye mwaka 1950 serikali ya mkoloni ilileta Uluguru mpango wa kulazimisha watu kukata matuta ya ngazi katika mashamba ya milimani. Walisema wanaokoa udongo usichukuliwe na maji. Kuokoa udongo ni jambo jema, lakini mkulima hakuulizwa. Udongo wa milima ile katika sehemu nyingi ni mwembamba. Ukikata ngazi, udongo mbaya wa chini unakuja juu na ule mzuri unafukiwa. Watu walitoa jasho siku kwa siku, wanawake wakiwa ndio wengi mashambani, kisha wakavuna kidogo kuliko zamani. Aliyekataa alitozwa faini. Mwezi wa Julai 1955 wananchi walikusanyika Matombo kukataa. Polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Wakati huo TANU ilikuwa imetimiza mwaka mmoja tu tangu kuzaliwa. Baada ya hapo ule mpango ukavunjika.

Tazameni basi: hii ni habari ya Uhuru wa nchi nzima, na ilitokea kijijini, kwa watu wenye majembe. Mwingereza Fosbrooke na mwenzake Young waliiandikia kitabu mwaka 1960. Hatuwalaumu kwa kuandika. Heri wao walioandika. Lakini mtu aliyekuwa na miaka 10 mwaka ule wa 1955 leo amefika miaka 80. Watoto wale waliowaona mama zao wakiinama na jembe katika ngazi zile, waliosikia mlio wa bunduki, wangali wako wachache. Kila mwaka unaopita, mmoja wao anazikwa na habari zake. Mchoraji kijana wa Morogoro akikaa nao leo, akachora wanayomwambia, kisha picha zikatundikwa na wao wenyewe wakasimama kuzisahihisha mbele ya watu, tungekuwa na kitu ambacho Berlin wala New York hawawezi kukinunua. Baada ya miaka 10 hatutaweza tena, hata tukiwa na fedha.

Tuna neno jingine, nalo ni zito. Mwana hiti ni mambo ya unyago, na unyago una wenyewe. Si kila lisemwalo ndani kwa mwali ni la kusemwa barabarani. Kwa hiyo asikabidhiwe afisa fulani, mwanamume, aliyesoma vitabu viwili, kusimama na kuwaeleza wageni siri za kina mama. Waitwe makungwi wa Matombo wenyewe. Waamue kipi kionyeshwe na kipi kifunikwe, lipi lisemwe kwa wote na lipi kwa wanawake tu. Wakisema hiki hapana, iwe hapana. Katika nchi ambayo ukoo unahesabiwa kwa mama, itakuwa aibu kubwa mama kukosa kauli juu ya vitu vyake.

Yako maneno ya upinzani ambayo tumekwisha kuyasikia mara nyingi. La kwanza ni kwamba tutaleta ukabila. Ndugu zetu, ukabila ni kusema "mimi nina haki kuliko wewe kwa sababu ya kabila langu." Kujua kazi ya babu yako si ukabila. Tena mwana hiti mwenyewe ni shahidi dhidi ya ukabila, maana anatunzwa na makabila matano, kuanzia milimani mpaka karibu na bahari, na hakuna awezaye kusema ni wetu peke yetu. Maonyesho ya namna hii yatawafundisha vijana kwamba kabla ya kuwa Watanzania kwa bendera, babu zetu walikuwa wakifundishana na kuoleana.

La pili ni fedha. Ni kweli, jumba ni gharama. Vitu vya mti vina adui wawili, mchwa na unyevu, na milimani mvua ni nyingi. Lakini hatusemi tuanze na jumba. Tuanze na darasa la shule wakati wa likizo. Makumbusho ya Taifa ilete kwa muda picha na vitu vichache, pamoja na mtaalamu wa kuvitunza. Vitu vya kale vilivyo majumbani vibaki kwa wenyewe, viletwe siku ya maonyesho na kurudi jioni, ili asitokee mjanja wa kuvinunua kwa bei ya kilo ya sukari. Halmashauri ya Wilaya isaidie usafiri. Walimu walete wanafunzi, nao wanafunzi waandike majina ya mafundi katika daftari. Daftari hilo litunzwe. Ndilo litakuwa jiwe la msingi la makumbusho ya Morogoro.

La tatu tunalisema sisi wenyewe, kwa viongozi wetu. Fundi akiitwa kuzungumza, alipwe. Tumezoea kumwita mchongaji au mpiga ngoma kama pambo la kupokea wageni, kisha anaondoka na soda na makofi. Daktari akitoa hotuba analipwa posho. Fundi wa tezo naye ni mwenye elimu. Nauli yake, siku yake ya kazi na jina lake katika tangazo ni haki yake.

Mwaka 1962, taifa likiwa changa na halina hata barabara za kutosha, Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya kushughulikia utamaduni, kwa kuwa aliona kwamba mkoloni alitufundisha kudharau vyetu. Kasumba hiyo haijatoka yote. Bado wako miongoni mwetu wanaokiona kitu kuwa cha maana pale tu Mzungu anapokipigia picha.

Wanachama wa matawi ya Morogoro, kazi ni yenu. Katika mkutano wenu ujao lifikisheni jambo hili mbele ya diwani na mbunge, mkiwa na orodha mkononi: mafundi wangapi wako hai katika kata yenu, makungwi ni akina nani, na wazee gani walikuwepo Matombo mwaka 1955. Msingoje barua kutoka Dar es Salaam ndipo mwaende kuwauliza wazee hao.