Tahariri: Ardhi Isiyo na Kura



Tunapolaani dhuluma ya walowezi, aghalabu tunahesabu ekari na kuisahau kura. Maisha ya Lord Delamere, mlowezi mashuhuri kuliko wote, yanatuonya tusivitenganishe vitu hivyo viwili.

Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimkodisha ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Mwaka uliofuata, Wamaasai walianza kuhamishwa kutoka Bonde la Ufa. Hatukatai kwamba alikuwa mkulima shupavu: mifugo yake ilikufa kwa maradhi, ngano yake ikaharibiwa na kutu, naye hakukata tamaa. Jirani yake, Charles Clutterbuck, alifuga farasi wa mashindano. Farasi walipata malisho mapana. Kibarua Mwafrika, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, alivishwa kipande shingoni.

Lakini Delamere hakutegemea jembe pekee. Aliongoza chama cha walowezi, akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1907. Walowezi walipopiga kura mara ya kwanza mwaka 1920, alichaguliwa kuiwakilisha Bonde la Ufa. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliteuliwa barazani mwaka 1944 tu; na Waafrika hawakuchagua wajumbe wao hadi 1957.

Kakamega yetu ililipia ukimya huo. Sheria ya mwaka 1930 iliahidi kwamba ardhi ya wenyeji ingekuwa yao daima, na sehemu ikitwaliwa, wangepewa nyingine badala yake. Delamere alifariki Novemba 1931, mwaka ule ule dhahabu ilipogunduliwa Kakamega. Mwaka 1932 sheria ilibadilishwa: ardhi ya dhahabu ikaweza kutwaliwa pasipo kutoa ardhi badala yake. Ahadi ya daima ilidumu miaka 2! Nabothi alikuwa na haki ya shamba lake. Ahabu alikuwa na baraza.

Baada ya uhuru, sanamu ya Delamere iliondolewa jijini Nairobi, na barabara yake ikapewa jina la Kenyatta. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, vyama vingi vikarudi. Katiba ya 2010 inalinda ardhi ya jamii na kudai wananchi washirikishwe. Hata hivyo, karatasi haijilindi yenyewe, na dhahabu ya Kakamega ingali inatamaniwa.

Kwa hiyo tunasema wazi: mswada wa ardhi au madini ukiletwa, usomwe na kujadiliwa makanisani na katika vikundi, kwa lugha inayoeleweka. Mkutano wa kutoa maoni ukiitishwa, twende, tuseme, na tudai yaliyosemwa yaandikwe. Na siku ya uchaguzi, ninyi mnaolima miwa, msikubali kuuza kura kwa kilo moja ya sukari. Mlowezi aliithamini kura yake kama shamba lake. Sisi tuliyoipata kwa jasho na damu, tuithamini zaidi.