Mgongo ukikataa, usishindane nao

Msomaji wangu, wiki hii tuzungumzie mgongo, na mfano wetu ni Drew Ginn, bingwa wa kupiga makasia kutoka Australia.

Mchezo huu hauhitaji mikono tu. Mchezaji huinama mbele, husukuma kwa miguu, kisha mgongo hupokea nguvu hiyo na kuipeleka kwenye kasia. Hurudia hivyo mita 2,000 za mashindano, mbali na mazoezi ya kila siku.

Ginn alipata dhahabu ya Olimpiki akiwa na miaka 21 tu, Atlanta 1996, katika mashua ya watu wanne. Mwaka 1999 akawa bingwa wa dunia katika mashua ya watu wawili, pamoja na James Tomkins. Olimpiki ya 2000 ikaja nyumbani kwao, Sydney. Mgongo ukakataa. Nafasi yake akapewa Matthew Long, na yeye na Tomkins wakapata shaba.

Kukosa Olimpiki ya nyumbani kunauma. Lakini aliyekaa pembeni mwaka ule alirudi. Alichukua dhahabu Athens 2004 akiwa na Tomkins, nyingine Beijing 2008 akiwa na Duncan Free, na fedha London 2012 akiwa na miaka 37.

Ni kweli, Beijing alishindana akiwa na maumivu makali. Hilo lisiwe ruhusa kwako. Yeye alikuwa na wataalamu wa tiba karibu. Wewe unayeinua ndoo huku umeuma meno, nani anakuangalia?

Maumivu mengi ya mgongo hupungua yenyewe baada ya wiki chache. Usilale kitandani siku nzima, tembea taratibu. Punguza mzigo, na unapoinua kitu kunja magoti, kisha kishike karibu na mwili.

Ila mguu ukilegea, ukifa ganzi sehemu za siri au makalioni, au ukishindwa kuzuia au kutoa haja, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huenda mishipa ya fahamu imebanwa, na kuchelewa kunaweza kuacha ulemavu.

Baba au mama anayesema "nitavumilia tu", msomeeni haya. Kupumzika msimu mmoja hakukumaliza safari ya Ginn.

Tukutane wiki ijayo.